"Akin" na "akina" si ndugu. Ndugu wa "akin" ni "jinsi"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie mjadala ulioanzishwa na wasomaji wenzangu kuhusu neno la Kiingereza "akin", ambalo Waingereza hulitumia wanapotaka kusema kwamba watu wawili ni wa ukoo mmoja, na vilevile wanapotaka kusema kwamba vitu viwili vinafanana hata kama havina ukoo wowote. Msomaji mmoja aliandika kwamba neno hilo limetokana na "akina" letu, kama tunavyosema akina Mwanaisha au akina Hamisi, na kwamba Waingereza walilichukua huku pwani wakaenda nalo kwao. Mwingine akamjibu kwamba mambo ni kinyume, sisi ndio tulioazima. Kazi yangu hapa Mombasa kwa miaka mingi imekuwa ni kufasiri nyaraka, na hakuna maneno yanayonikalisha kitini muda mrefu kuliko maneno ya udugu na ukoo, kwa hiyo mjadala huo nimeufuata kwa hamu. Nionavyo mimi, wote wawili wamekosea. Maneno hayo yamekutana kwa sura tu, hayana nasaba. Lakini lipo neno la Kiswahili ambalo ni ndugu wa kweli wa "akin", tena liko vinywani mwetu kutwa kucha, nalo ni "jinsi".

Nianze na "akin" lenyewe. Limeundwa kwa vipande viwili. Kipande cha mwisho, "kin", ndicho kiini chake, na maana yake ni watu wa nasaba moja. Herufi "a" iliyotangulia ni masalio ya "of", neno ambalo kazi yake ni kama ya kiunganishi chetu cha "wa" na "ya", nalo lilichakaa katika matamshi ya haraka mpaka ikabaki irabu moja. Ndivyo lilivyochakaa pia katika "anew", ambalo hapo kale lilikuwa "of" na "new". Kwa hiyo anayesema kwamba fulani ni "akin" kwa mwenziwe, kwa asili ya maneno anasema kwamba ni "wa ukoo" wake. Muungano huo ulianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza katika karne ya 16, lakini "kin" ni ya kale zaidi kwa mbali, maana Kiingereza cha zaidi ya miaka elfu moja iliyopita kilikuwa nayo, ikiandikwa "cynn", kwa maana ya ukoo, ya kabila, na pia ya aina ya kitu.

Tarehe hizo zinatosha kuondoa dhana kwamba neno liliokotwa Mombasa au Unguja. Nahodha James Lancaster, mmoja wa Waingereza wa mwanzo kabisa kufika pwani hii, alitia nanga Unguja mwaka 1591, na kufikia wakati huo Waingereza walikuwa wameitumia "kin" kwa karne nyingi. Ama dhana ya pili, kwamba sisi tuliazima kutoka kwao, nayo haina pa kushikia. "Akina" hutangulia jina la mtu au la kundi, na kazi yake ni kumtaja huyo pamoja na walio naye. Tukisema akina Hamisi wako barazani, huenda walio naye ni nduguze, huenda ni wachezaji wenziwe wa bao, na hakuna sharti kwamba wawe wa damu moja wala kwamba wafanane. "Akin" kwa upande wake halitangulii jina la mtu kamwe. Huja baada ya kitenzi, na linadai ama nasaba ama mfanano. Sioni namna ambavyo neno lingeazimwa likabadilika mahali pake katika sentensi, kazi yake na maana yake yote kwa mpigo mmoja, likabaki na sauti peke yake.

Hapa ndipo penye kosa la msingi ambalo wasomaji wengi hulifanya, nalo ni kuamini kwamba maneno yanayofanana kwa sauti lazima yawe na uhusiano. Katika elimu ya lugha mara nyingi huwa kinyume chake. Maneno yaliyotoka katika lugha mama moja na kutengana kwa maelfu ya miaka hubadilika, tena hubadilika kwa utaratibu, hata yakawa hayatambuliki ila kwa anayeujua utaratibu huo. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kwenda mbali kuuona. Mmvita husema ndia, ndaa na ndoo pale ambapo Muunguja husema njia, njaa na njoo. Mmvita husema mato, kitwa na mtele, naye Muunguja husema macho, kichwa na mchele. Hakuna aliyebahatisha hapo. "Nd" ya huku inakabili "nj" ya kule, na "t" ya huku inakabili "ch" ya kule, katika neno baada ya neno, na ukiujua ulinganifu huo unaweza kulikisia neno la mwenzako kabla hajalitamka.

Baina ya Kiingereza na Kilatini upo ulinganifu wa namna hiyohiyo, na miongoni mwa sauti zinazohusika ni "k" na "g". Mjerumani Jacob Grimm aliueleza kwa mapana mwaka 1822, ingawa walikuwapo waliougusia kabla yake. Pale ambapo Kilatini kina "g" mwanzoni mwa neno la asili, Kiingereza na lugha zilizo karibu nacho huwa na "k", hata kama tahajia huiandika kwa herufi ya "c". Goti kwa Kilatini ni "genu", kwa Kiingereza ni "knee", na hiyo "k" isiyotamkwa leo ilikuwa ikitamkwa zamani. Punje ya nafaka kwa Kilatini ni "granum", kwa Kiingereza ni "corn". Basi "kin" nayo inakabili "genus" ya Kilatini, yaani ukoo au aina, na "gens", yaani mbari, na "genos" ya Kiyunani, yenye maana hizohizo. Yote yametoka katika mzizi mmoja ambao wataalamu huuandika "gen", na maana yake ni kuzaa au kuzaliwa. Sir William Jones, jaji wa Kiingereza aliyekuwa Calcutta, ndiye aliyetangaza waziwazi mwaka 1786 kwamba Kisanskriti (lugha ya kale ya Wahindi), Kiyunani na Kilatini lazima vilitoka katika chimbuko moja, na katika Kisanskriti mzizi huu una sauti ya "j": "jan", kuzaa. Majirani zetu wa hapa Mombasa wanaozungumza Kigujarati wanao mpaka leo, kwani kuzaliwa huita "janma", na ndilo neno lililomo ndani ya jina la sikukuu ya Janmashtami, siku wanayoadhimisha kuzaliwa kwa Krishna.

Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba ndugu wa "kin" nje ya Kiingereza na jamaa zake wa karibu wana sauti ya "g" au ya "j". Hawana "k". Kwa hiyo mtu akitaka kumtafuta ndugu wa "kin" katika Kiswahili, "akina" ni mahali pa mwisho pa kutafuta, kwa sababu hiyohiyo iliyowavutia wasomaji wenzangu: linafanana mno.

Neno "jinsi" tumelipata kwa Waarabu, kwao ni "jins". Lakini "jins" yenyewe haikuzaliwa Arabuni. Ni "genos" ya Wayunani, iliyoingia katika Kiaramu, lugha iliyokuwa ikizungumzwa Shamu na Iraki karne nyingi kabla ya Uislamu, kisha ikapokewa na Kiarabu. Herufi ya jimu ambayo Waarabu wengi huitamka kama "j" ilikuwa zamani ikitamkwa "g", na Wamisri mpaka leo huitamka hivyo, kwa hiyo safari ya kutoka "genos" hadi "jins" ni fupi kuliko inavyoonekana katika maandishi ya Kiswahili. Wanachuoni wa Kiarabu walipoingia katika elimu ya mantiki waliyoirithi kwa Wayunani, "jins" ndilo neno walilolitumia kwa lile kundi kubwa linalokusanya aina nyingi ndani yake. Baadaye likasafiri kwa jahazi pamoja na maneno mengine mengi mpaka likatufikia, tukaliongezea irabu ya mwisho kama ilivyo desturi yetu, tukalifanya letu.

Nakiri kwamba kila nikilitazama neno hili napata furaha ambayo si rahisi kuieleza. Mzizi mmoja ulitoka mahali pamoja, ukagawanyika njia mbili. Njia moja ilielekea kaskazini ikapita kwa Wajerumani wa kale na kuishia Uingereza ikiwa "kin". Nyingine ilipita Uyunani, Shamu na Arabuni, ikavuka bahari na kuishia kwetu ikiwa "jinsi". Na jambo la ajabu zaidi ni kwamba katika njia zote mbili maana ilitembea hatua zilezile. Kwanza kuzaliwa, kisha waliozaliwa pamoja, kisha aina, kisha kufanana. Kiingereza kilitoa katika mzizi huu neno "kind", lenye maana ya aina, na sisi tukasema "vitu vya jinsi moja". Sisi tuliongeza hatua moja ambayo "kin" haikuifikia, tukalifanya neno la namna ya kutenda, kama vile jinsi ya kupika au jinsi alivyosema. Wao nao waliongeza hatua yao, kwa sababu "kind" hilohilo, likiwa sifa ya mtu, maana yake ni mwema na mpole, na asili ya sifa hiyo ni tabia inayomstahili mtu kwa kuzaliwa kwake, yaani namna ambavyo mtu angemtendea aliye wake.

Upo ushahidi mwingine ambao wengi wanauona magazetini kila wiki bila kuutambua. Waandishi wa Kiswahili walipohitaji neno la kufasiri "gender" walichagua "jinsia". "Gender" limetoka katika "genus" ya Kilatini kwa kupitia Kifaransa cha kale. "Jinsia" limetoka katika "genos" ya Kiyunani kwa kupitia Kiarabu. Wafasiri hao, wawe walijua au hawakujua, waliwakutanisha binamu wawili waliopoteana kwa zaidi ya miaka elfu tatu.

Wengine wa ukoo huu wako mitaani kwetu. Jenereta ni wa ukoo huu, kwa maana ya kizalishaji. Jenerali naye yumo, kwani jina lake ni la cheo kinachohusu jumla ya kundi zima. Jeni za wanabiolojia zimo, jina walilolipata mwaka 1909 kwa Mdenmaki Wilhelm Johannsen. Hata injini ya feri ya Likoni imo, maana "engine" la Kiingereza limetokana na "ingenium" ya Kilatini, akili ambayo mtu amezaliwa nayo, na ndiyo akili inayobuni mitambo. Jini ndiye asiyekuwamo, ingawa jina lake linashawishi. Yeye ni wa mzizi mwingine wa Kiarabu wenye maana ya kufichika, na ndugu zake ni "janna", bustani iliyofunikwa na miti, na "majununi", mtu ambaye akili yake imefunikwa.

Swali linalobaki ni kwa nini neno la kuzaliwa ligeuke kuwa neno la kufanana. Wahenga wetu walisema mwana wa nyoka ni nyoka, na sidhani kwamba kuna haja ya kutafuta jibu lililo mbali zaidi ya hilo. Waliotoka tumbo moja hulandana sura, sauti na mwendo, na kwa hiyo lugha nyingi zinapotaka kusema kwamba vitu viwili vinafanana huvifanya ndugu. Sisi wenyewe tunasema kwamba Kiswahili na Kigiriama ni lugha ndugu, wala hakuna anayedhani kwamba lugha zina mama mwenye tumbo. Waarabu walifanya hivyo kwa mzizi mwingine kabisa, nasi tukawafuata: "nasaba" ni ukoo, na "mnasaba", lililotoka mzizi huohuo, ni uhusiano au ulinganifu wa jambo na jambo. Nimeona watu wakilifasiri "akin" kwa "sawa na", jambo ambalo linapunguza nusu ya maana yake. "Sawa" haina ukoo ndani yake. Kiingereza kinaposema kwamba hofu ni "akin" kwa chuki hakisemi kwamba hofu na chuki ni sawasawa. Kinasema kwamba zina chimbuko lililokaribiana, na mfasiri anayejali kazi yake anaweza kuandika kwamba zina nasaba moja, au kwamba ni za jinsi moja, na akawa hakupoteza kitu.

Nije sasa kwa "kindred", neno jingine la ukoo huu, kwa sababu katika mjadala huohuo kuna aliyedai kwamba ndani yake mna "red", yaani nyekundu, na kwamba wekundu huo ni wa damu inayowaunganisha jamaa. Maelezo hayo yanavutia na ni rahisi kukumbuka, na nasikia kwamba hata watoto wa shule wamekwisha kuyapokea. Si ya kweli. Neno hilo lilipoanza kuandikwa, karibu na mwaka 1200, halikuwa na "d" katikati. Lilikuwa "kinrede" au "kinreden". Kipande cha pili ni kiambishi cha kale chenye maana ya hali, kile kilichomo pia katika "hatred", hali ya kuchukia, ambamo hakuna damu wala rangi. Kazi yake ni ileile inayofanywa na "u" yetu mwanzoni mwa neno: ndugu hutupa undugu, "kin" hutoa "kindred". Kiambishi hicho kimekufa katika Kiingereza cha leo, na maneno hayo mawili ndiyo yanayojulikana zaidi katika yale yaliyokibakisha.

Hiyo "d" ya katikati, basi, ilitoka wapi? Haikuletwa na maana, ililetwa na ulimi. Anayetamka "n" hubana ulimi juu na kuacha hewa ipite puani. Akitaka kwenda moja kwa moja kwenye "r", njia ya pua hufungwa kabla ulimi haujaachia, na katika nukta hiyo fupi "d" husikika bila kuitwa. Kwa njia hiyo Waingereza walipata pia "thunder", ngurumo ya radi, ambayo zamani kwao haikuwa na "d", na kwa njia hiyo Wafaransa waliipata "d" iliyomo katika "gender". Msemaji wa Kiswahili anapaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, kwa maana sarufi yetu imejengwa juu yake. Hatusemi nyumba nrefu, tunasema nyumba ndefu. Wingi wa ulimi hatusemi nlimi, tunasema ndimi. Kwetu "d" huichukua nafasi ya "r" au "l", kwao hujipenyeza baina ya "n" na "r", lakini mlango unaoingilia ni mmoja. Mwalimu wa Kiingereza katika shule ya Mombasa anayewaeleza wanafunzi kuhusu "kindred" ana mfano mzuri kuliko alio nao mwalimu wa London, na ingekuwa hasara kubwa akiuacha na kuwahadithia habari za damu nyekundu.

Ugumu wa kulifasiri neno hilo unaonekana katika Biblia. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalitumia "kindred" pale Ibrahimu anapoamriwa atoke katika nchi yake, na inalitumia tena katika Ufunuo inapowataja watu waliokombolewa. Biblia ya Kiswahili inayosomwa na wengi ina "jamaa" katika mahali pa kwanza na "kabila" katika mahali pa pili. Sioni kosa hapo. Ukubwa wa "kindred" haukuwa na mpaka uliochorwa. Ulianza kwa watu wa nyumba moja ukaenda mpaka kwa watu wote wanaojihesabu kuwa wa asili moja. Naona hata neno "taifa", kwa maana ya kale ya Mombasa, lingeweza kusimama mahali pake. Waswahili wa mji huu walijihesabu Thenashara Taifa, yaani Thalatha Taifa, ambao ni Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, pamoja na Tisa Taifa, wakiwamo Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa na wengineo, na katika hesabu hiyo "taifa" haikumaanisha dola yenye bendera. Ilimaanisha watu wa asili moja wenye wazee wao na mtaa wao. Vijana wanaokutana na "kindred" katika maandishi ya kale ya Kiingereza wangelielewa upesi zaidi wakielezwa kwa taifa hili la Mombasa kuliko wakielezwa kwa "familia", neno ambalo asili yake ya Kilatini haihusu kuzaliwa hata kidogo, kwani "familia" ya Warumi ilitokana na neno la mtumishi, na maana yake ya kwanza ilikuwa nyumba pamoja na watumwa waliomo.

"Jamaa" nalo halikutokana na kuzaliwa. Ni neno la kukusanyika, ndugu wa jamii, jumuiya na Ijumaa. Ninalieleza hili kwa sababu lina madhara ambayo nimeyashuhudia katika kazi, nayo ndiyo yaliyonifanya niandike barua ndefu kiasi hiki. Karibu kila fomu ambayo mkazi wa Mombasa hupewa ajaze, ya kulazwa, ya kazi, ya benki au ya bima, ina mstari wa "next of kin", na pale penye Kiswahili mara nyingi huandikwa "jamaa wa karibu". Katika mazungumzo ya kila siku hapa mjini, jamaa anaweza kuwa mtu yeyote. Jamaa mmoja alipita, jamaa wa duka lile. Na "karibu" kwa msomaji wa kawaida ni ukaribu wa mahali. Nimepokea nyaraka ambamo mtu mwenye mke na watoto wazima Kisauni ameandika jina la jirani wa chumba cha pili, na alipoulizwa akajibu, kwa haki kabisa, kwamba hakuna jamaa aliye karibu kuliko huyo. Amesoma Kiswahili kama kilivyoandikwa. Kosa ni la aliyeandika fomu. Lakini familia ndiyo iliyotaabika baadaye, ikienda ofisi hii na ofisi ile kuthibitisha jambo ambalo mstari mmoja ulioandikwa vizuri ungelimaliza.

Ni kweli kwamba jina lililoandikwa kwenye mstari huo halimfanyi mtu kuwa mrithi. Kwa Waislamu urithi una hukumu zake na Mahakama ya Kadhi ipo kwa ajili hiyo, na kwa wengine ipo Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ambayo katika kifungu cha 39, marehemu asipoacha mke, mume wala mtoto, huanza na wazazi, kisha ndugu, ikaendelea hadi jamaa wa damu wa daraja ya sita. Hata hivyo mstari huo ndio unaoamua ni nani atakayepigiwa simu usiku, ni nani atakayeulizwa kuhusu upasuaji, ni nani atakayekabidhiwa vitu vya mgonjwa, na kwa hiyo si jambo dogo.

Hapa Kiingereza chenyewe kina upungufu, maana "kin" kwa asili yake ya kuzaliwa haimkusanyi mke wala mume, ilhali fomu zinamtaka huyo kwanza. Wanasheria wa Kiingereza huuita ukaribu wa ndoa kwa neno jingine, "affinity", lililotoka Kilatini kwa maana ya watu ambao mipaka yao inagusana, yaani wanaopakana, na hilo nalo limegeuka kuwa neno la kufanana na kuvutana kwa vitu, kama lilivyogeuka "kin". Sisi tuna msamiati uliokwisha kuyatenganisha mambo hayo mawili na kuyaweka pamoja. Qurani, katika Suratul Furqan aya ya 54, inataja kwamba Mwenyezi Mungu alimuumba mtu kutokana na maji, akamjaalia kuwa na udugu wa nasaba na udugu wa ndoa. Yeyote anayefunga ndoa katika mji huu, awe wa dini gani, anajua tofauti ya nduguye na mwamuye, na anajua kwamba wote wawili ni wake.

Ndiyo maana napendekeza kwamba wanaochapisha fomu katika kaunti yetu waache kuandika "jamaa wa karibu" na badala yake waandike "aliye karibu nawe zaidi kwa nasaba au kwa ndoa", maneno machache tu yanayoenea katika mstari uleule. Chini yake wauongeze mstari wa pili, uandikwe "mtu wa kupigiwa simu upesi", ili yule jirani wa chumba cha pili, ambaye kwa hakika ndiye atakayefika wa kwanza, naye apate mahali pake pa kuandikwa bila kuchukua nafasi ya mke aliyeko Kisauni.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa.